Nianze na cheti kipi ili nipate kazi ya kusimamia seva?

Swali
Habari zenu, ndugu zangu. Nina stashahada ya teknolojia ya habari, na kwa miaka 2 nimekuwa nikitengeneza kompyuta na kuunganisha mitandao ya ofisi ndogo hapa Mwanza. Sasa natafuta kazi ya usimamizi wa mifumo. Kituo kimoja cha mafunzo kinanishawishi nilipie kozi ya MCSA, cheti cha Microsoft, lakini akiba yangu inatosha mtihani mmoja tu. Mnanishauri nini?

Jibu la kwanza
Ndugu yangu, usilipie kozi hiyo. Microsoft ilikifuta cheti cha MCSA mwanzoni mwa 2021, kwa hiyo hata ukimaliza masomo hutapata mtihani wa kufanya. Kwa fedha ya mtihani mmoja, chagua RHCSA, cheti cha usimamizi wa mifumo cha Red Hat, kampuni inayotengeneza mfumo endeshi wa Linux, kwa sababu mtihani wake hauna maswali ya kuchagua jibu: unakaa mbele ya mashine yenyewe, unagawa diski, unafungua akaunti za watumiaji, unaingia kwenye mfumo ambao nywila yake kuu imepotea, na kila ulichokipanga lazima kiendelee kufanya kazi baada ya mashine kuwashwa upya. Mazoezi unaweza kuyafanyia nyumbani kwa AlmaLinux au Rocky Linux, ambazo ni za bure na zinafanana sana na mfumo wa Red Hat.

Jibu la pili
Naunga mkono. LPIC-1, cheti kingine cha Linux, nayo ni nzuri kwa kuwa haifungamani na kampuni moja, ila inadai mitihani 2, na akiba yako haifiki huko. Hata hivyo, cheti kitakufikisha mlangoni pa usaili tu. Mimi huwauliza waombaji swali moja: diski ya seva imejaa, umefuta faili kubwa la kumbukumbu za mfumo, lakini nafasi haikurudi, kwa nini? Wengi hunyamaza. Aliyewahi kukutana nalo hujibu mara moja kwamba kuna programu bado imelishikilia faili hilo, na nafasi haitarudi mpaka programu hiyo ilifunge au iwashwe upya. Pia huuliza kama mtu amewahi kurejesha data kutoka kwenye nakala rudufu, maana kuhifadhi nakala bila kujaribu kuirejesha si kinga.

Muulizaji
Nashukuru sana, wakubwa zangu. Kozi nimeiacha. Je, mazoezi ya nyumbani niyaandike kwenye wasifu wangu?

Jibu la pili
Yaandike, tena kwa undani: uliweka huduma gani kwenye seva, nini kiliharibika, na ulikirejesha vipi.