Kuonea, kudhulumu, kunyanyasa: lipi liandikwe kwenye daftari la malalamiko?

Karani_Langoni
Assalaam aleikum. Naandika malalamiko ya wavuvi kwa ajili ya kamati ya BMU, yaani kikundi cha kusimamia ufuo wa wavuvi, hapa Lamu. Wote huja na neno moja, "naonewa", iwe ni mizani, mgao wa samaki au kuvunjiwa heshima. Nikiandika "uonevu" kila ukurasa, kamati hawajui waanzie wapi. Nikiandika "dhuluma", mshtakiwa husema nishamhukumu. Mpaka wa maneno haya uko wapi? Na mwanamke aliyevaliwa leso yenye kijembe, naye aandikiwe nini?

MwalimuMstaafu
Wa aleikum salaam, karani. Muulize kwanza mlalamikaji: umetokwa na nini? Kudhulumu kunataka mtu na kitu: "amenidhulumu kilo tano". Kitu kisipotajika, neno linaelea. Kuonea hakutaki kitu, kunataka nguvu zisizolingana: nahodha kwa baharia, tajiri kwa mchukuzi. Walio sawa hugombana tu. Tena kuonea likisimama peke yake ni baya, lakini likifuatwa na huruma, haya au wivu lishageuka, kwa hivyo usikatie sentensi kwenye "anamwonea" ukaenda kunywa kahawa.

Kunyanyasa ni mwendo, si tukio. Tusi la siku moja halifiki hapo. Andika siku na mara ngapi. Wengi hulichanganya na kunyanyapaa, ambako ni kumwepuka mtu kwa kinyaa, mathalani kukataa kula naye sinia moja kwa sababu ya ugonjwa.

Kosa linaloniudhi zaidi ni "kudhalimu". Hakuna kitenzi hicho. Dhalimu ni mwenye kudhulumu. Dhalili ni mnyonge, aliye chini, na huko ndiko kulikotoka kudhalilisha. Ukiandika dhalili ukakusudia dhalimu, mshtakiwa umemfanya mlalamikaji.

Mpimaji
Kwa mambo ya mizani andika kupunja. Kudhulumu kunataja hukumu, kupunja kunataja mbinu, na mbinu ndiyo kamati inayoweza kuikagua. Mizani ya kuning'iniza ambayo sindano yake inaanza nusu kilo chini ya sifuri hula nusu kilo kila inapopakiwa, mzigo uwe mkubwa au mdogo. Samaki wale wale wakipimwa kwa mafungu 10, kilo 5 zishakwenda. Wakipimwa kwa mafungu mawili, ni kilo moja. Ndiyo maana mnunuzi mjanja hupenda mafungu madogo. Kuna na tenga: linatolewa kilo 2 nalo likiwa tupu halifiki hata moja. Basi andika hivi: "Sindano haikuanza kwenye sifuri, samaki walipimwa mara 10, tenga lilikatwa kilo 2." Neno dhuluma waachie kamati waliseme wenyewe.

Mgao nao una neno lake, kuhini. Anayekuhini anajua ni haki yako na ameizuia. Anayekudhulumu ashaila. Ukiandika amehini, bado unamwachia mlango wa kulipa.

BintiMkomani
Naongeza, mwalimu, kwamba siku hizi dhuluma imepanuka. Kenya wanasema "dhuluma za kijinsia", wenzetu wa Tanzania "ukatili wa kijinsia", na humo mna kipigo na matusi, si mali tu. Basi afisa akisoma "amedhulumiwa" katika shauri la mwanamke anaweza kuelewa jambo jingine kabisa. Kama ni pesa za makuti, taja pesa papo hapo.

Kuvunjiwa heshima mbele ya watu ni kudhalilishwa, na hapo Ibara ya 28 ya Katiba ya 2010 inasimama, maana inalinda hadhi ya kila mtu. Kubaguliwa kuna Ibara ya 27. Lakini aliyekupa unga jana akakutangazia leo huyo amekusimbulia, wengine husema amekusimanga. Ni uchungu kweli, ila hakuna kilichochukuliwa wala sheria iliyovunjwa.

Leso iache nje ya daftari. Jina la leso, yaani maneno yaliyoandikwa juu yake, halimtaji mtu, na mwenye kuivaa atakwambia aliinunua kwa rangi. Hilo wapelekee wazee wa mtaa.

MwalimuMstaafu
Nakubali kuhusu leso. Na karani, maneno ya mlalamikaji yaweke kama yalivyotoka, ndani ya alama za kunukuu. Akisema "menidhulumu", usimsahihishe ikawa "amenidhulumu". Hicho ni Kiamu chake, lahaja ya Lamu, na ndio ushahidi wake. Usanifu utie kwenye maelezo yako.

Karani_Langoni
Ahsanteni. Nimerudia la kwanza: "Mlalamikaji anasema 'menidhulumu'. Samaki walipimwa mara 6, sindano ikianzia chini ya sifuri kwa nusu kilo. Anadai kilo 3." Limeingia mistari miwili tu. Mwanzo lilikuwa ukurasa mzima.