Mtoto anasoma Kiswahili kwa sauti za Kiingereza

Kutoka: Mama, Leicester

Assalaam alaykum jamani, mlioko ng'ambo na mlioko nyumbani Mombasa.

Naomba ushauri. Kijana wangu ana miaka sita, amemaliza mwaka wa kwanza wa shule hapa Uingereza. Kiingereza anakisoma vizuri. Huku huanzishwa kwa sauti za herufi, kisha mwezi wa sita hupewa mtihani wa serikali wa maneno 40, na 20 kati ya hayo si maneno kamwe, yametungwa tu ili ionekane kama mtoto anaweza kuunganisha sauti bila kukariri. Alifaulu. Juzi nikampa kitabu cha Kiswahili. "Pete" akaisoma "piit". "Pole" akaisoma "poul". "Mtu" akaianza na "em". Ng'ombe akamruka kabisa.

Disemba tunakuja Mombasa, na bibi yake wa Kibokoni hajui Kiingereza. Kuna mtu wa shuleni kwake amenishauri niweke Kiswahili kando mpaka Kiingereza kikomae. Nifanyeje?

Kutoka: Mwalimu mstaafu, Mombasa

Wa alaykum salaam mwanangu.

Kiswahili usikiweke kando hata siku moja. Kazi kubwa ya kusoma mwanao ameshaimaliza: anajua kuwa neno ni sauti zilizoungana, na kwamba zaweza kutenganishwa na kuunganishwa tena. Hilo mtu hujifunza mara moja tu, akalitumia katika lugha yoyote atakayoisoma. Kilichobaki ni kumwonyesha herufi zile zile zinabeba sauti gani kwetu.

Kiingereza kina herufi 26 na sauti zinazokaribia 44, kwa hiyo herufi moja hubadilika badilika, na e ya mwisho mara nyingi hainenwi. Mwanao amefundishwa hivyo na amesoma "pete" sawasawa kwa kanuni aliyopewa. Basi mpe kanuni yetu, tena kwa maneno machache: irabu ni tano, kila moja ina sauti yake siku zote, na e ya mwisho hainyamazi. Mwambie hivyo kabla hajafungua kitabu, kisha mpe pete, pole, sime, kobe. Ataruka mwenyewe kwa furaha.

Herufi usimtajie kwa majina yake ya Kiingereza. Nenda naye kwa silabi: pa pe pi po pu, ma me mi mo mu. Halafu mpigishe makofi, kofi moja kwa silabi moja. Hapo utafika kwenye m, na hapa ndipo watoto wa ng'ambo wanapokwama. M-tu ni makofi mawili. M-bwa pia mawili, kwa sababu m imesimama peke yake. Lakini mbuzi ni mbu-zi: m na b zimeshikana, hazitengani. Mwambie afumbe midomo, avume kidogo, kisha aachie "tu". Akisema "umtu" au "emtu", mrudishe kwenye kuvuma.

Ng' anayo tayari, ila hajui kama anayo. Kiingereza huiweka mwishoni, kwenye maneno kama "sing" na "king", na hakiiweki mwanzoni. Mwambie aseme "sing", aivute ile sauti ya mwisho, na bila kuikata aunganishe "ombe". Siku ya kwanza itatoka vibaya. Usiharakishe, na usimwandikie bado. Masikio na mdomo kwanza, karatasi baadaye. Th na dh hazitamsumbua, Kiingereza kinazo. Gh na kh hakina, lakini kama anakwenda chuo cha Kurani kwa siku za wikendi atakuwa amezipata kwa herufi za Kiarabu, ghain na kha, mkumbushe tu kuwa ni zile zile.

Sasa kuna jambo wazazi wengi hawalijui, nami naliona kila Disemba mnapokuja. Waingereza hutoa pumzi kwenye k, p na t zinazoanza neno. Sisi wa Mombasa tuna zenye pumzi na zisizo na pumzi, na maana hubadilika. Kaa la moto halina pumzi. Kaa wa pwani ana pumzi. Paa la nyumba halina, paa wa mwituni anayo. Maandishi hayaonyeshi tofauti hiyo, kwa hiyo kitabu hakitamsaidia. Mtoto wa Uingereza akimwambia bibi yake alete kaa, naye akikusudia la moto, bibi atamwuliza ni wa kupika au wa kukaanga. Chukua kipande cha karatasi nyepesi, kiweke mbele ya midomo yake. Aseme kaa wa pwani: karatasi ipepee. Aseme kaa la moto: karatasi itulie. Watoto hupenda sana zoezi hili, na masikio yao hufunguka haraka.

Na la mwisho kwa leo. Bibi yake atasema mtele, kitwa, ndia. Kitabu kitaandika mchele, kichwa, njia. Mwaka 1928 mkutano ulikaa papa hapa Mombasa, ukachagua Kiunguja, lahaja ya Zanzibar, kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, ndiyo maana vitabu haviandiki Kimvita, lahaja yetu ya Mombasa. T ya "mtele" ulimi hugusa meno, na alfabeti ya shuleni haina herufi yake. Mwache mtoto aseme kama bibi na asome kama kitabu. Naomba sana asije akaambiwa kuwa bibi yake anakosea.

Kutoka: Baba, Toronto

Shikamoo mwalimu. Naongeza mawili.

Sisi tulimwomba mama yangu, naye yuko Majengo, atutumie sauti kwa simu kila Ijumaa: kitendawili kimoja na kitanza ndimi kimoja. "Wale wari wa liwali wala wali wa liwali" kilituchukua muda mrefu mezani, lakini binti yangu aliyekuwa akichanganya r na l sasa anazitenganisha. Video tulizijaribu, hazikufua dafu. Mtoto anataka kumjibu mtu anayemjua.

Na wenye wachanga, msingoje shule. Mtoto wa miezi sita husikia tofauti za sauti hata za lugha asizozijua. Akikaribia mwaka mmoja sikio linaanza kujifunga kwenye lugha inayosemwa karibu naye. Zungumzeni nao Kiswahili mnapowaogesha, mnapowalisha, wakati wowote.

Kutoka: Mama, Leicester

Shukrani sana. Pete na pole zimekaa vizuri tangu jana. Ng'ombe bado anakuja kama "ngombe". Mwalimu, je, nimsahihishe kila anapokosea? Naogopa binamu zake watamcheka.

Kutoka: Mwalimu mstaafu, Mombasa

Marahaba, baba wa Toronto. Hayo ya simu ni mazuri, nayaunga mkono.

Mama, usimsahihishe mbele za watu. Akisema "ngombe", wewe jibu, "Ndiyo, ng'ombe yule mkubwa," uendelee na mazungumzo. Chagua sauti moja kwa wiki, nyingine ziache zipite. Na hao binamu zungumza nao mapema, kabla ndege haijatua. Nitarekodi kaa na paa kwa sauti yangu kesho baada ya alasiri, anayetaka aniandikie.