Hivi kwa nini tunapenda kumshangilia kibonde, mpirani hadi kwenye siasa?

KitiChaNyuma
Wakuu, salaam. Jumamosi nilikuwa kibanda umiza, banda la kuangalizia mpira, hapa mtaani, mmoja wa wakubwa wa Kariakoo anacheza na timu ya mkoani. Mimi sina timu kati ya zile mbili. Dakika za jioni kibonde, ile timu dhaifu, akasawazisha. Kibanda kikalipuka, benchi tulilokalia likavunjika mguu, na jamaa nisiyemjua akanikumbatia na jasho lake lote. Nikarudi nyumbani najiuliza, pale nani alikuwa na ndugu kwenye ile timu? Hata majina ya wachezaji hatuyajui, tunasema "yule mfupi".

Na si hapa tu. 2016 Leicester wamebeba ubingwa wa Uingereza, watu Buguruni wanafuta machozi na hawajui hiyo Leicester iko upande gani wa ramani. 2022 Morocco wamefika nusu fainali ya Kombe la Dunia, bara zima likawa Morocco. Siasa vilevile: Diomaye Faye ametoka jela Senegal Machi 2024, siku kumi baadaye ameshinda urais raundi ya kwanza, nikaona watu Mbagala wanapongezana. Wakenya nao wakampa Ruto kwa ajili ya wilibaro, ile alama ya chama chake. Namungo wa Ruangwa walipoingia makundi ya Shirikisho Afrika tuliwashangilia kwa sababu ni timu ya watu wa chini.

Ni huruma? Au tunajiona sisi wenyewe mle? Naomba hoja, matusi pelekeni kwingine.

JangwaniKwetu
"Sina timu kati ya zile mbili." Sentensi hii huandikwa na mashabiki wa Simba tu, tena wiki ikiwa mbaya.

MzeeWaRedio
Mleta mada umeanza vizuri, ukaharibu mwishoni. Namungo watu wa chini? Uwanja wao una jina la Majaliwa, Waziri Mkuu wa wakati ule na mbunge wao. Kama huyo ni kibonde basi na mimi nina ndege.

Kibonde alikuwa Tukuyu Stars. Wamepanda daraja, watu wanawacheka kwamba wameshuka na baridi yao kutoka Rungwe, msimu huohuo wakabeba ubingwa wa nchi. Tulisikiliza kwenye redio ya mkulima, betri tumeanika juani. 1985 kama sikosei.

Msimbazi_Damu
1986 mzee.

MzeeWaRedio
1986, sawa. Betri zilikuwa za 1985.

WaRuangwa
Mzee, nakuheshimu lakini hapo umenigusa. Kwa hiyo mtu wa Ruangwa akipata uwanja tayari ni tajiri? Kabla ya msimu wa 2019/20 hatukuwahi kuionja Ligi Kuu. Msimu wa kwanza tu tukafika fainali ya Kombe la FA, Sumbawanga, tukafungwa na Simba 2-1. Hizo pasi alipiga Waziri Mkuu? Kusini tukikosa barabara mnasema tumelala, tukipata timu mnasema tumebebwa. Tuchague kipi?

MzeeWaRedio
Sijasema mmebebwa. Nimesema mna ndege.

WaRuangwa
Umesema wewe ndiyo una ndege. Soma ulichoandika.

GitheriBaridi
Nilikuja hapa nikidhani ni mambo ya mpira. Hiyo ya "Wakenya wakampa Ruto kwa ajili ya wilibaro" umeitoa wapi? 2022 ilikuwa 50.49 kwa 48.85. Karibu nusu ya waliopiga kura hawakutaka hiyo wilibaro hata ya kubebea mchanga. Mimi nilipigia Baba, yaani Raila. Msituweke sote kwa gunia moja.

Na huyo hasla wenu, mpambanaji wa chini, alikuwa Naibu Rais tangu 2013. Hata waliomchagua walijua, watu si wajinga. Ilikuwa njia ya kuwaambia wale wa majina makubwa kwamba tumechoka kusikia baba ya nani. Kisha ushuru ukaja, akaitwa Zakayo, na Juni 2024 vijana wakaingia bunge. Hiyo ni hadithi refu, usiifanye mstari mmoja kwa uzi wa mpira.

JangwaniKwetu
Kwa hiyo mlijua siyo kibonde na mkampa. Asante kwa kuthibitisha hoja ya mleta mada.

GitheriBaridi
Nani alikuwa na "rais wa wanyonge"? Si ni nyinyi? Mtu amekuwa serikalini tangu 1995, leo ni wa wanyonge. Angalau wetu alituletea wilibaro tukaona magurudumu.

Chato4Life
Hapo usiguse. JPM, Magufuli, aliwapa machinga vitambulisho, elfu ishirini tu kwa mwaka, hakuna mgambo wa kumwaga nyanya za mtu. Ameondoka Machi 2021, Oktoba vibanda vikavunjwa. Wewe uliye Nairobi unajua nini?

MamaWawili
Elfu ishirini kumlipisha mnyonge ili apewe cheti cha unyonge. Nilikuwa nacho, kaka, nimekitunza.

Chato4Life
Dada, ulifanya biashara kwa amani au hukufanya?

MamaWawili
Nilifanya. Sijasema sikufanya.

Msimbazi_Damu
Na 2015 tusisahau. Lowassa, Waziri Mkuu mstaafu, mtu wa CCM miaka yote, kahama chama Julai, Agosti kashakuwa kibonde. Watu wakadeki barabara apite. Karibu asilimia 40 ya kura. Watanzania mpe mtu yeyote sura ya kuonewa, tunampenda palepale, hata kama jana ndiye alikuwa anaonea.

GitheriBaridi
Hiyo nimeipenda. Lakini Wakenya bado ndio tunajua kushangilia mdogo. 2003 Kombe la Dunia la kriketi, tulifika nusu fainali.

JangwaniKwetu
New Zealand waliogopa kuja Nairobi mkapewa pointi za bure.

GitheriBaridi
Na Sri Lanka? Walikuja Gymkhana wakachapwa, Collins Obuya akawatoa watano. Zimbabwe je? Unajua kriketi wewe au unajua tu mdudu kriketi?

JangwaniKwetu
Huyo mdudu kwetu anaitwa nyenje, tukusaidie Kiswahili. Na kama mnapenda wadogo, Februari 2025 mbona mlinuna? Djibouti, nchi ya watu kama milioni moja, imemshinda Raila uenyekiti wa Tume ya Umoja wa Afrika. Hapo kibonde alikuwa nani? Mlipaswa kucheza ngoma.

GitheriBaridi
Baba ameshalala, Oktoba 2025, kwa hivyo tuongee polepole. Aliongoza raundi mbili za kwanza. Mahmoud Youssouf wa Djibouti alipata zile kura 33 raundi ya saba. Na huyo unayemwita mdogo alikuwa waziri wa mambo ya nje tangu 2005, anajua kila mlango wa Addis. Hiyo si huruma, hiyo ni hesabu. Afrika haikuamka asubuhi ikasema "masikini Djibouti".

JangwaniKwetu
Pole, mkuu. Hapo kwa Baba natoa kofia.

Lakini hesabu au si hesabu, wengine tulifurahi. Na sikuwa nimewahi kusikia jina la yule bwana.

KitiChaNyuma
Wakuu, tunarudi kwenye mada? Niliuliza kwa nini tunapenda.

Msimbazi_Damu
Jangwani amekujibu bila kujua. Alifurahi na jina halijui. Kwa hiyo alimfurahia nani?

JangwaniKwetu
Usinipakazie falsafa. Kibonde ninayempenda kwa moyo mmoja ni Jwaneng Galaxy ya Botswana. Oktoba 2021. Simba mmeshinda kwao 2-0, mnarudi Uwanja wa Mkapa mmeshapanga hoteli ya makundi, mkala tatu. Nilitamani jezi yao, sikuipata Kariakoo nzima.

Msimbazi_Damu
Nitajie mchezaji mmoja wa Jwaneng.

JangwaniKwetu
Wote.

Msimbazi_Damu
Mmoja.

JangwaniKwetu
1993, Stella Abidjan, Uwanja wa Taifa, mbili bila. Nao niliwapenda wote.

Msimbazi_Damu
Ulikuwa na miaka mingapi 1993? Sisi tulikuwa fainali, nyie mlikuwa mnasikiliza. Na Zamalek tuliwavua ubingwa wa Afrika palepale Cairo 2003, hapo kibonde tulikuwa sisi, na Watanzania wengine mlikuwa mnaomba dua tufungwe. Kibonde kakaa chumba cha pili, mnamchukia. Kibonde wa Botswana, mnamtafutia jezi.

Nasema hivi na sirudi nyuma: mtu hampendi mdogo. Mtu anamchukia mkubwa, mdogo ni fimbo tu iliyokuwa karibu.

WaRuangwa
Hapo mimi na wewe tofauti. Nilishangilia Namungo kwa sababu nimezaliwa kule. Msitujumlishe.

Mwanachuoni_Pwani
Assalaam aleikum. Jambo hili ni la kale kuliko mpira. Daudi na Jaluti, na Qur'ani imesema ni makundi mangapi madogo yameshinda makubwa kwa idhini ya Mwenyezi Mungu. Wakristo wana Daudi huyohuyo. Mtoto wa Kiswahili kabla ya kujua kusoma ameshasikia sungura kamshinda fisi, kamshinda simba, kamshinda na tembo. Tumelelewa hivyo.

MzeeWaRedio
Ustadh, kwa Daudi sina neno. Lakini sungura si mnyonge, sungura ni tapeli. Fisi ndiye anayeonewa katika zile hadithi, kila siku anatumwa kisimani. Sijawahi kumwona mtoto akimshangilia fisi.

Mwanachuoni_Pwani
Hahaha. Fisi mlafi, mzee.

MzeeWaRedio
Ana njaa. Ni tofauti.

MamaWawili
Mimi nina kibanda umiza, kwa hiyo nitasema ninachokiona, nyie mlio na falsafa mtaniambia jina lake. (Na mleta mada, kama benchi lililovunjika ni la rangi ya bluu, njoo tuongee.)

Kwanza, nusu ya wanaoruka wana mikeka ya kubeti. Waliweka sare, odi kubwa, buku linaleta elfu kumi na kitu. Hao huwaoni kwa Morocco wala kwa mtu yeyote, wako kwa simu zao. Na kuna waliompa mkubwa, mkeka umechanika dakika ya 88, hao wanatoka kimya wanasahau chenji.

Pili, kiingilio changu mia tano. Simba au Yanga ikicheza na kibonde watu wanasimama hadi dirishani. Kibonde akicheza na kibonde, saa kumi jioni ileile, siku ileile ya wiki, nakaa na mwanangu mdogo na fundi wa king'amuzi. Umeme haulipiki. Sasa huko kumpenda kibonde kunakaa wapi siku hiyo? Nauliza tu, maana ningependa kukipangisha hicho kibanda.

KitiChaNyuma
Benchi lilikuwa la kijani, mama. Nadhani.

Chato4Life
Kibanda kinadaiwa umeme kwa sababu bei zimepanda, siyo kwa sababu ya vibonde. Enzi za JPM...

MamaWawili
Kaka, pumzika.

NambaTatu
Nimesoma tangu juzi bila kuandika. Nilicheza Ligi Kuu misimu miwili, timu ya mkoani, sitaitaja. Beki tatu. Kabla hamjaanza utani: beki tatu wa uwanjani, siyo wa jikoni.

Mnajua nini kinamtokea kibonde nyumbani kwake? Wakubwa wakija, mji mzima unahama. Mwalimu aliyenifundisha darasa la nne, muuza chipsi ninayemlipa kila wiki, bodaboda wa kijiweni kwetu, wote wamevaa jezi za wageni. Unaingia kupasha misuli, uwanja umejaa, na ukigusa mpira unazomewa. Na hapo bado una bahati, kuna msimu viongozi waliipeleka mechi mkoa mwingine kabisa kwa ajili ya mapato ya mlangoni. Tulisafiri usiku kucha kwenda kuwa wenyeji.

Jukwaa moja tu linakushangilia, nalo lina jezi za mkubwa yule mwingine. Tulikuwa tunawajua kabisa. Siku akija huyu wanakuwa wenu, siku akija yule wanageuka na wenzao wanachukua zamu.

Kuna mechi tulisawazisha, krosi nilipiga mimi. Mwisho wa mchezo watu wakanibeba begani, mmoja akanivisha skafu ya timu yake, siyo yangu. Wananiita jina la mwenzangu. Niliipenda ile siku, sitadanganya. Usiku mtu akanitumia elfu tano kwa simu, hadi leo sijui ni nani.

Jumatano tukacheza na wenzetu wa mkia, mechi ya kushuka daraja, hiyo ndiyo tuliyoihitaji. Nilihesabu watu wakati wa mapumziko kwa sababu nilikuwa benchi. Arobaini na moja, pamoja na waokota mipira na mama wa karanga. Tukafungwa. Mishahara tulikuwa tunadai miezi mitatu, na waliotubeba mabegani hakuna aliyejua, wala hatukuwaambia.

Sisemi watu ni wabaya. Nami nikiangalia mpira wa Ulaya nashangilia mdogo, na jina la beki wake wa kushoto silijui.

MamaWawili
Pole, mwanangu.

GitheriBaridi
Buda, hii umeandika vizuri. Ungeiweka page ya kwanza tusingepigana.

MzeeWaRedio
Tungepigana.

Msimbazi_Damu
Hiyo sare mlitoka ngapi?

NambaTatu
Moja moja. Na goli lao lilikuwa ofsaidi, kibendera alinyanyua akashusha.

JangwaniKwetu
Haikuwa ofsaidi ile.

NambaTatu
Mkuu, sijasema tulicheza na nani.

JangwaniKwetu
Haikuwa ofsaidi.