Kwenda Salem, Massachusetts: njia ya ndege kutoka Nairobi, na mabaki ya biashara ya Unguja

Mwalimu wa Kisauni anauliza:

Assalaam aleikum, na heri kwenu nyote. Nilifundisha historia katika shule za upili za Mombasa hadi nilipostaafu, na kila mwaka tulipofika kwenye sura ya Seyyid Said, Sultani wa Omani na Unguja, niliwaeleza wanafunzi kwamba kitambaa cha merikani kilipata jina hilo kwa sababu kililetwa pwani na Wamarekani. Mwaka mmoja msichana wa dawati la nyuma aliniuliza, "Wamarekani wa wapi, mwalimu?" nami nikamjibu juu juu tu, kwa kuwa sikujua. Baadaye nilisoma kwamba wengi wao walitoka katika mji mmoja mdogo wa bandari, Salem, jimbo la Massachusetts, na tangu hapo nimekuwa na hamu ya kuuona.

Sasa binti yangu anaishi Worcester, katika jimbo hilo hilo, viza ninayo mkononi, na ninatarajia kukaa kwake wiki tatu, ambamo ningependa siku mbili au tatu ziwe za Salem. Je, nikitoka Nairobi nipande ndege ya moja kwa moja hadi New York kisha niendelee, au nipitie Ghuba au Ulaya na kushukia Boston? Nina umri wa miaka 66 na goti langu moja halipendi ngazi. Binti yangu amependekeza Oktoba kwa sababu majani ya miti hubadilika rangi. Je, ni wakati mwafaka? Na swali lililo kubwa kwangu ni hili: huko Salem kuna chochote cha kuonyesha uhusiano wake na Unguja, au nitatembezwa kwa wachawi tu, wale wa kesi za mwaka 1692 zilizoupa mji huo jina?

Mkaazi wa Lynn anajibu:

Shikamoo Mwalimu, na karibu sana. Naishi Lynn, vituo viwili tu vya treni kutoka Salem, kwa hiyo nitajibu la safari na kuwaachia wengine la historia.

Shukia Boston. Ndege ya Nairobi hadi New York, iliyoanza Oktoba 2018, huruka saa zipatazo 15 bila kutua, na uzuri wake ni kwamba hubadilishi ndege popote njiani. Taabu huanza baada ya kutua, kwa sababu Marekani humtaka kila msafiri apite kwa maafisa wa uhamiaji katika uwanja wa kwanza anaoshukia, achukue mizigo yake yote, aipitishe forodhani, kisha aikabidhi upya na kukaguliwa tena kabla ya kupanda ndege ya ndani. Mimi mwaka niliokuja nilikatiwa tiketi yenye dakika 70 za kubadilisha ndege hapo New York. Nilipotoka kwenye foleni ya uhamiaji ndege ya Boston ilikuwa imeshaondoka, nikalala kwenye kiti cha chuma hadi asubuhi. Ukipitia Doha, Dubai, Istanbul au Amsterdam, utabadilisha ndege mahali ambapo mizigo yako huhamishwa bila wewe kuigusa, utapata nafasi ya kulinyoosha goti, na shughuli zote za uhamiaji utazimaliza mara moja katika uwanja wa Logan, Boston, ambapo mwanao atakuwa anakungoja nje.

Unapokata tiketi, omba huduma ya kiti cha magurudumu. Hailipiwi, na wala si lazima uwe huwezi kutembea kabisa. Foleni ya uhamiaji huweza kuchukua zaidi ya saa moja ya kusimama, na hiyo ndiyo itakayolichosha goti kuliko ngazi.

Kuhusu Salem yenyewe, usikubali kupelekwa kwa gari ikiwa unaweza kuepuka, kwa maana mitaa ni myembamba na maegesho ni adha. Mji uko kilomita zipatazo 25 kaskazini-mashariki mwa Boston, na treni kutoka North Station hufika kwa nusu saa hivi. Hapa ndipo wageni wengi hukosea: treni ya Worcester huishia South Station, na reli za stesheni hizo mbili hazikuunganishwa, hivyo itakubidi uvuke katikati ya jiji kwa treni za chini ya ardhi, ule mstari mwekundu halafu wa rangi ya machungwa. Lifti zipo. Ikiwa utaondoka uwanja wa ndege moja kwa moja, kuna basi la bure hadi kituo cha mstari wa buluu. Unashuka State, unabadilisha kwenda mstari wa machungwa, na kituo cha pili ni North Station. Hata hivyo sikushauri uende Salem siku ile ile unayotua, kwa sababu wakati wa kiangazi cha huku saa zetu ziko nyuma ya za Mombasa kwa saa saba, na saa tisa alasiri utakuwa unasinzia mbele ya kila sanamu.

Katika miezi ya joto ipo pia boti kutoka bandari ya Boston, chini ya saa moja. Kwa mtu anayekwenda kuangalia mji wa mabaharia, kuingia kwa njia ya bahari kuna ladha yake.

Binti Shangani anajibu:

Mwalimu, shikamoo. Swali la yule msichana wa dawati la nyuma limenifurahisha kuliko yote niliyoyasoma humu mwezi huu.

Oktoba iepuke. Mwezi mzima Salem hufanya sherehe zinazoishia usiku wa Halloween, na watu wanaoingia katika mji huo mdogo wakati huo huzidi milioni moja. Vyumba hukodiwa miezi kadhaa kabla na bei hupanda, na hutapata nafasi ya kusimama mbele ya jengo bila kusukumwa na mtu aliyevaa kofia yenye ncha. Njoo wiki mbili za mwisho za Septemba, au Mei. Ikiwa tiketi imeshakatwa, nenda Jumanne au Jumatano ya mwanzo wa Oktoba, asubuhi na mapema, na majani uyatazame huko huko Worcester.

Sasa la Unguja. Lipo, lakini lazima ulitafute, wala usitarajie kuta zilizojaa jina la Zanzibar. Anzia Derby Wharf, gati refu linaloingia baharini kwa karibu mita 800, ambalo pamoja na majengo yaliyo mbele yake liliwekwa chini ya hifadhi ya taifa mwaka 1938. Jengo la forodha lililoko hapo ni la 1819. Kwa sisi tuliokulia karibu na Forodhani hakuna haja ya kuelezwa umuhimu wa jengo la namna hiyo: meno ya tembo na sandarusi (utomvu wa miti uliogeuka mgumu) iliyochimbwa Mrima, pwani ya bara mkabala na Unguja, ilipofika Salem, ushuru wake ulihesabiwa na maafisa wa forodha hiyo. Sandarusi ilitumiwa kutengenezea vanishi ya fanicha na magari ya farasi, na kwa kuwa ilifika ikiwa imejaa udongo, Salem ilikuwa na kiwanda chake cha kuiosha.

Mkataba uliofungua mlango huo ulitiwa saini Septemba 1833 kati ya Seyyid Said na mjumbe wa Marekani, Edmund Roberts, na ukawapa Wamarekani haki ya kulipa asilimia 5 tu kwa bidhaa wanazoshusha. Mwaka 1837 konsuli wa kwanza wa Marekani akafika Unguja, naye hakuwa mwanadiplomasia bali mfanyabiashara wa Salem aitwaye Richard Waters. Habari zake zinanishangaza kila ninapozikumbuka. Alitoka katika familia iliyopinga utumwa, akaja kuishi katika mji wenye soko la watumwa, na akafanya biashara bega kwa bega na Jairam Shivji, mfanyabiashara Mhindi aliyekodi haki ya kukusanya ushuru wa forodha ya Sultani. Na merikani yenyewe, kitambaa kigumu cha pamba kisichopaushwa, ilifumwa katika viwanda vya Massachusetts kwa pamba iliyolimwa na watumwa wa kusini mwa Marekani, kisha ikasafirishwa hadi bara letu ikalipie meno ya tembo. Haya hutayakuta yameandikwa kwenye kibao kimoja pale gatini. Itakubidi uyaunganishe mwenyewe.

Kutoka gatini nenda jumba la makumbusho la Peabody Essex. Mwanzo wake ni chama cha manahodha kilichoundwa mwaka 1799, ambacho mtu hakuweza kujiunga nacho mpaka awe ameizunguka Rasi ya Tumaini Jema au Rasi ya Horn, na wanachama wakahimizwa kurudi na vitu vya nchi walizofika. Ukumbi wao wa 1825 bado umesimama, ukiwa sehemu ya jumba hilo. Halafu tembea taratibu hadi maktaba ya umma iliyoko Essex Street. Watalii hawaingii humo, nami ningekusihi uingie, kwa kuwa jengo hilo lilikuwa nyumba ya Nahodha John Bertram, mmoja wa wafanyabiashara wakubwa wa Salem katika biashara ya Unguja, na warithi wake ndio walioutunuku mji. Kuingia ni bure. Ukikaa kwenye kiti cha kusomea gazeti, kumbuka kwamba sehemu ya utajiri uliojenga kuta hizo ilitoka kwetu.

Kasuku wa Tanga anajibu:

Naomba nimpinge kidogo dada Binti Shangani, au tuseme nimwongezee.

La kwanza, ikiwa Mwalimu anataka kuziona barua na hesabu za Waters, asizitafute ndani ya jumba la makumbusho. Zimo katika Maktaba ya Phillips, ambayo ni ya jumba hilo lakini imehamishiwa Rowley, mji mwingine ulio kaskazini zaidi, ambako ilifungua milango mwaka 2018. Aandike kuomba nafasi wiki kadhaa kabla, ataje anachotaka kusoma, na ajiandae kusoma mwandiko wa mkono wa karne ya 19, ambao utamchosha macho.

La pili, msiwadharau hao wachawi. Ninajua maduka ya fimbo za uchawi yanakera, lakini mwaka 1692 watu 19 walinyongwa Salem, na mzee Giles Corey, aliyekuwa na umri wa miaka ipatayo 80, akalazwa chini na kurundikiwa mawe mpaka akakata roho kwa kuwa alikataa kujibu mashtaka. Mwalimu anatoka Mombasa, na hapo jirani, Kilifi, wazee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, mara nyingi nyuma yake kukiwa na ugomvi wa shamba. Asome kesi za Salem, ataona ugomvi wa mipaka na urithi umejaa tele miongoni mwa washtaki. Ukumbusho wa 1992 ulio kando ya makaburi ya Charter Street una mabenchi ya mawe 20, kila moja likiwa na jina la mtu mmoja, na ukifika asubuhi unaweza kukaa humo peke yako. Mahali pa kunyongea, Proctor's Ledge, palithibitishwa mwaka 2016 tu. Leo pamezungukwa na nyumba za watu, na ukumbusho wake uliwekwa mwaka uliofuata. Jambo moja zaidi ambalo waongozaji wengi hulipita haraka: tuhuma zenyewe zilianzia kijiji cha Salem, ambacho leo ni mji wa Danvers.

Binti Shangani anajibu:

Kaka Kasuku, la Rowley nimelikubali, nalo nililisahau. La wachawi pia nimelikubali, ila ninasimama pale pale kuhusu Oktoba, kwa sababu mwezi huo hata yale mabenchi 20 hukaliwa na watu wanaokula aiskrimu.

Mwalimu, nimesahau pia kukutajia Lowell. Ukiwa North Station kuna treni ya huko, na katika kiwanda cha zamani cha Boott, ambacho sasa ni makumbusho ya hifadhi ya taifa, mitambo ya kufumia pamba huwashwa mbele ya wageni. Kelele zake hazisemeki, watu hupewa vizibo vya masikio. Ikiwa utapata siku ya ziada, hapo ndipo utakapoona kitambaa cha aina ya merikani kikitoka mtamboni.

Mwalimu wa Kisauni anajibu:

Marahaba wanangu, na Mwenyezi Mungu awalipe. Nimemsomea binti yangu majibu yenu kwa simu, akacheka kidogo kuhusu Oktoba kisha akakubali. Nitaondoka wiki ya pili ya Septemba, nitapitia Doha na kushukia Boston, nitapumzika Worcester siku tano, halafu Salem siku mbili na Lowell siku moja. Rowley nimeshaiandikia. Lile la Kilifi sikutarajia kulikuta katika swali la safari ya Marekani. Nilimfundisha mtoto ambaye nyanya yake aliuawa kwa tuhuma hizo, kwa hiyo nitakwenda kwenye yale mabenchi kabla ya kwenda gatini.

Limebaki dogo moja. Nataka kumpelekea binti yangu karafuu, iliki, pilipili manga na mchaichai. Vitanyang'anywa?

Mkaazi wa Lynn anajibu:

Karafuu, iliki na pilipili manga zikiwa kavu na zimefungwa vizuri kwa kawaida hupita, mradi uwaambie maafisa wa forodha kwamba unazo. Sema mwenyewe kabla hujaulizwa, kwa sababu anayetaja kitu kilichokatazwa hunyang'anywa kitu hicho tu, na anayeficha hutozwa faini. Mchaichai uache nyumbani, pamoja na majani ya ndimu na nyama ya aina yoyote, hata iliyokaushwa. Mchaichai upo katika maduka ya Wavietnamu huko huko Worcester.