Mrejesho: mivinje kwenye machimbo ya mawe ya chokaa

Mwaka jana niliuliza nipande miti gani katika machimbo yangu ya zamani huku Kilifi, ambako udongo umekwisha na kumebaki mwamba mtupu wa chokaa. Nawashukuru mlionielekeza kwenye mfano wa Bamburi, machimbo ya kiwanda cha saruji karibu na Mombasa, ambako mtaalamu wa kilimo René Haller alijaribu aina 26 za miti kuanzia 1971 na zikanusurika 3 tu, mvinje ukiwa mmojawapo. Mikorosho yangu yote ilikauka, jambo lililoniuma sana, lakini mivinje imenifika kifuani; nilipofukua mche uliovunjika, niliona mizizini vinundu vya kahawia vinavyotunza bakteria wanaonasa naitrojeni ya hewani. Sasa naleta majongoo, kama walivyofanya Bamburi, wasage majani yaliyoanguka yawe mboji.