Niliapa Marekani 2008, kitambulisho cha Kenya bado ninacho: naingiaje nyumbani?

Mwanamisi_MN: Hamjambo humu. Kwetu Likoni, niko Minnesota tangu 2001, uraia wa huku niliapa 2008. Mdogo wangu anaolewa wiki tano zijazo. Nina pasipoti ya Marekani, ya Kenya iliyokwisha 2006, na kitambulisho changu cha zamani, plastiki yake imeshaanza kubanduka. Mmoja aniambia nioneshe kitambulisho tu, mwingine asema lazima eTA, kile kibali cha kuingia Kenya kinachoombwa mtandaoni kabla ya safari. Na binti yangu je, aliyezaliwa huku 2012? Baba yake hajabadilisha uraia, yuko na grini kadi.

Kaka_wa_Dallas: Dada usihangaike. Mimi nina pasipoti zote mbili, pale uwanja wa ndege wa JKIA, Nairobi, natoa ya Kenya, nakaribishwa nyumbani. Eti eTA, eTA ni ya wageni.

Bi_Ibara: Kaka, wewe uliapa lini?

Kaka_wa_Dallas: 2014.

Bi_Ibara: Basi msimpoteze mwenzenu. Katiba ya sasa ilianza 27 Agosti 2010, na ibara ya 16 yasema Mkenya wa kuzaliwa hapotezi uraia kwa kuchukua mwingine. Kabla ya hapo uraia pacha haukuwepo. Mwanamisi, siku ile ulipoapa, wa Kenya ulikutoka, hata kama kitambulisho kilibaki kabatini. Kuurudisha ni haki yako, ibara ya 14(5), ila sharti uombe, na kwa wiki tano mimi nisingeweka roho yangu hapo. Safari hii ingia kama mgeni: eTA kwa pasipoti ya Marekani, na iwe imebakiza miezi sita. Watakuuliza utalala wapi, andika kwa mama. Hicho kitambulisho usikitoe dirishani.

Na wewe Kaka, ulitoa taarifa ya uraia wa pili ndani ya miezi mitatu? Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011 yataka hivyo. Faini yake hufika shilingi milioni tano.

Kaka_wa_Dallas: 😶

MamaPacha: Binti ni Mkenya wa kuzaliwa kupitia baba, haijalishi amezaliwa wapi. Lakini bila pasipoti ya Kenya naye mkatie eTA, ya kwake mtaishughulikia baadaye. Kurudi msiwe na wasiwasi, raia wa Marekani huingia Marekani kwa pasipoti ya Marekani, basi. Jambo moja: majina. Pasipoti yangu ya Kenya ina jina la baba, ya huku la mume. Kaunta ya ndege wakataka cheti cha ndoa, nacho kiko kwenye sanduku lililokwisha pita kwenye mkanda! Nilisimama pale na watoto wawili, jasho lanitoka.

Mwanamisi_MN: Ahsanteni sana. Cheti changu kiko kwenye kasha la mama, Likoni. Kadhi alikiandika kwa mkono.

Bi_Ibara: Tiketi na pasipoti zina jina moja?

Mwanamisi_MN: La mume, zote.

Bi_Ibara: Nenda zako harusini. Ukirudi, rudi nacho, utakihitaji kwenye maombi ya kurudisha uraia.