Miche ya Gredi ya 3 inakufa na wazazi wanakuja Ijumaa, nifanyeje?

Mwalimu_Bamburi: Salaam wanajukwaa. Watoto wangu walipanda maharagwe kwenye vikombe vya plastiki, wapime kwa rula na kujaza chati. Yaliota vizuri, sasa kingo za majani zinaungua na miche inalala. Maji inapata, jua lipo. Kuna dawa ya haraka?

MzeeWaLikoni: Enzi zetu mche ukifa, kiboko kilikuwa chako wewe.

Mama_Wawili: Na sisi wazazi mtuhurumie! Juzi nimeambiwa saa tatu usiku kesho yatakiwa kikombe, pamba na rula.

Mkulima_Mtwapa: Vikombe vina matundu? Maji ni ya mfereji au ya kisima?

Mwalimu_Bamburi: Matundu yapo, na udongo tulinunua kwa muuza miche.

Mkulima_Mtwapa: Mwalimu, nimeuliza maji.

Mwalimu_Bamburi: Ya kisima cha shule. Mfereji hutoka usiku tu. Lakini mchicha wa bawabu unanywa hayo hayo na umestawi! Tena nishaongea na jirani, Alhamisi jioni nang'oa kunde zake nazitia vikombeni. Wale ni wadogo, hawatajua.

Mkulima_Mtwapa: Mchicha huvumilia chumvi ya maji ya kisima, maharagwe hayawezi kabisa. Kwenye kikombe maji hukauka, chumvi hubaki, kila ukimwagilia yazidi. Kinga maji ya mfereji usiku, mimina mengi yapite chini yaioshe. Na kama ni kunde, loweka mbegu leo, wapande wenyewe.

MzeeWaLikoni: Mtoto wa Pwani asijue jani la kunde, na ndilo analolia ugali?

Mpita_Njia: Uzi wa kutunga huu. Mombasa hii, nani huwaita wazazi Ijumaa, watu wako msikitini?

Mwalimu_Bamburi: Ni saa tatu asubuhi, ndugu yangu. Nitunge ili nipate nini?

Mpita_Njia: Weka picha ya chati basi.

Mwalimu_Bamburi: Hiyo hapo. Na chati nikiianza upya nitawaeleza nini wazazi?

Mpita_Njia: Jumatatu sentimita 16, Jumatano 13! Mche gani hurudi chini?

Mkulima_Mtwapa: Uliolala. Mtoto kapima kutoka udongoni hadi nchani, sawasawa alivyofundishwa. Hiyo chati usiiguse, ndiyo somo lenyewe. Tazama pembeni kaandika "umechoka".

Mama_Wawili: Hebu ngoja. Mwandiko huo naujua.